Bei ya Saa Moja ya Gemu ya Wingu

Chukua namba mbili. Ya kwanza ni 12.6. Hizo ni gigabaiti ambazo Google ilisema huduma yake ya Stadia ingeweza kula kwa saa moja, mchezaji akiwa kwenye picha ya 1080p. Ya pili ni shilingi 2.03, bei ya chini kabisa ya megabaiti moja ya bando katika bei elekezi ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliziweka mwaka 2021. Ya juu kabisa ilikuwa shilingi 9.35.

Sasa zidisha. Saa moja ya gemu, kwa bando la bei ya chini kabisa, ni shilingi 25,578. Kwa bando la bei ya juu kabisa ni shilingi 117,810. Na usajili wa Stadia wenyewe, mwezi mzima, ulikuwa dola 9.99, yaani kama shilingi 23,000 kwa thamani ya fedha ya wakati ule.

Kwa maneno mengine, kijana wa Mbagala angelipia data ya saa moja pesa nyingi kuliko kodi ya mashine kwa mwezi. Stadia haikuwahi kufika Tanzania, na tangu Januari 2023 haipo popote duniani, lakini hesabu hiyo haikuzikwa nayo. Itamkuta kila anayetaka kujaribu huduma hizi kwa bando la simu, iwe ni ya Nvidia, ya Microsoft, ya Sony au ya Amazon.

Kwa wasioijua, gemu ya wingu ni gemu isiyokaa kwenye simu yako wala kwenye runinga yako. Inaendeshwa na kompyuta yenye nguvu iliyo kwenye kituo cha data, mara nyingi nchi nyingine, na kinachokufikia wewe ni video. Ukibonyeza kitufe cha pedi, agizo linakwenda hadi kule, mashine inakokotoa kilichotokea, inachora picha, inaibana na kukurudishia. Simu ya kawaida ambayo isingeifungua Cyberpunk 2077 hata kwa dawa inakuonyesha gemu hiyo kama vile una kompyuta ya mamilioni mezani. Ahadi yenyewe ni tamu: huhitaji konsoli, hupakui kitu, unacheza papo hapo.

Hizo gigabaiti zinatoka wapi?

Kuna kanuni moja inayofaa kuikariri. Kila megabiti 1 kwa sekunde, ikitiririka saa nzima, inafanya megabaiti 450. GeForce Now, huduma ya Nvidia, inataka kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 720p, 25 kwa 1080p, na 45 kwa 4K yenye fremu 120. Si lazima kasi yote hiyo itumike kila sekunde, lakini ikitumika yote, saa moja itakula gigabaiti 6.75, au 11.25, au 20.25. Google kwa viwango vyake vitatu ilitaja hadi 4.5, 12.6 na 20. Kampuni mbili, mitambo tofauti, na majibu yanakaribiana. Hapo unajua namba hizi hazitokani na uzembe wa mtu mmoja.

Netflix inasema filamu yake ya HD hula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na ya 4K hadi 7. Kwa nini gemu ile mara nne ya filamu wakati zote ni video? Filamu hubanwa mapema. Kompyuta hupewa muda wote inaoutaka kutafuta namna ya kuipunguza bila kuiharibu, kisha nakala hiyohiyo hutumiwa na mamilioni. Tena simu yako hupakua dakika kadhaa za mbele, hivyo mtandao ukiyumba kidogo huoni tofauti. Gemu haina anasa hiyo. Picha inazaliwa sasa hivi, na inatakiwa ibanwe na kutumwa ndani ya milisekunde chache. Huwezi kuiwekea akiba ya mbele kwa sababu mashine haijui kama utakata kona kulia au kushoto. Kinachobanwa kwa haraka hubanwa vibaya, na kilichobanwa vibaya ni kizito.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji wa huduma hizi hawapendi kuitaja. Cyberpunk 2077 kwenye kompyuta inadai nafasi ya gigabaiti 70. Ukiipakua mara moja unalipia gigabaiti 70 (na masasisho yake, ambayo si haba), kisha unacheza hata mwaka mzima. Ukiitiririsha kwa 12.6 kwa saa, unafikisha gigabaiti 70 baada ya saa tano na nusu hivi. Hadithi kuu peke yake huchukua zaidi ya saa 20, na saa 20 ni gigabaiti 252, mara tatu na nusu ya kuipakua. Maneno "hupakui kitu" ni ya kweli kwa maana kwamba hakuna faili linalobaki. Kwenye salio la bando, unaipakua gemu ileile upya kila baada ya siku chache.

Umbali nao una bei

Data angalau unaweza kuinunua. Umbali hauuzwi dukani. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 2,500, kwa hiyo kwenda na kurudi kunachukua milisekunde 25 hata kama kila kifaa cha njiani kingekuwa cha kimiujiza. Kutoka Dar hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000, yaani milisekunde 70. Na mkongo haupiti mstari ulionyooka. Unazunguka baharini, unatua, unapita kwenye vituo vya kubadilishana, unapanda tena.

Nvidia inataka muda wa kwenda na kurudi kati yako na kituo chake uwe chini ya milisekunde 80, na inashauri uwe chini ya 40. Ukiwa Dar na seva iko Frankfurt, fizikia peke yake imeshakula 70 kati ya 80 kabla waya haujapinda hata mara moja. Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde hutoa picha mpya kila milisekunde 16.7. Uchelewaji wa milisekunde 150 maana yake ni kwamba unachokiona kwenye skrini ni picha ya nyuma kwa fremu tisa. Kwenye chesi hutajali. Kwenye gemu ya soka, mshambuliaji ameshaupita mpira kabla wewe hujaona pasi ikifika, na kwenye gemu ya ngumi umeshapigwa.

Halafu kuna uimara wa njia. Mikongo ya SEACOM na EASSy, ya 2009 na 2010, ndiyo iliyoitoa pwani yetu kwenye intaneti ya setilaiti ya enzi zile. Mei 12, 2024 mikongo yote miwili ilipata hitilafu upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo mwenye gemu kwenye diski anaendelea kucheza peke yake. Wa gemu ya wingu hana hata cha kufungua.

Biashara iliyokataa kuwa rahisi

Mtu anaweza kuuliza: teknolojia zote hushuka bei watumiaji wakiongezeka, hii imeshindwaje? Historia yake inajibu vizuri. OnLive ya Marekani ilianza Juni 2010, ya kwanza kubwa ya aina yake. Agosti 2012 ilifukuza wafanyakazi wake, na mali zake zikauzwa kwa dola milioni 4.8 hivi. Ripoti za wakati ule zilisema ilikuwa na maelfu ya seva, na haikuwahi kufikisha wachezaji 2,000 kwa wakati mmoja. Ajabu ni kwamba mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Julai 2012, Sony ilikuwa imeinunua Gaikai, kampuni ya teknolojia hiyohiyo, kwa dola milioni 380. OnLive iliendelea kujikokota hadi Aprili 30, 2015, siku ilipofungwa, na hataza zake zikaishia mikononi mwa Sony.

Ukitaka kuielewa hesabu iliyoiua, nenda kwenye kibanda cha PlayStation cha mtaani kwenu. Runinga nne ukutani, PS4 zimefungiwa ndani ya kisanduku cha nondo zisije zikabebwa. Pedi zina vijiti vilivyolika mpira hadi plastiki inachoma kidole gumba. Mwenye kibanda kakaa kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, akihesabu mechi. Saa nne asubuhi mashine zimelala. Saa mbili usiku ya Jumamosi foleni iko hadi nje, na aliyefungwa anatoa pedi huku ananung'unika kwamba kitufe cha pasi kinashika. Je, mwenye kibanda anunue mashine ya tano? Akinunua, itafanya kazi usiku mmoja au mbili kwa wiki na siku zilizobaki itakula vumbi. Asiponunua, wateja wa Jumamosi watahamia kwa jirani.

OnLive ilikuwa na swali hilo mara elfu kadhaa. Filamu moja ya Netflix kwenye seva moja inaweza kuhudumia watazamaji wengi sana kwa pamoja. Gemu haikubali hivyo. Kila mchezaji anataka kadi yake ya michoro, au kipande chake kikubwa cha kadi, kwa muda wote anaocheza. Na wachezaji wa mji mmoja hutoka kazini na shuleni saa zilezile, wakaingia saa zilezile. Mtu angesema basi tuwaazime wa Marekani mashine zinazolala Japani, kwa kuwa Marekani ikiwa usiku, Japani ni mchana. Umbali unakataa, kwa hesabu ileile ya kilomita 200 kwa milisekunde. Mtoa huduma analazimika kununua mashine za kutosha foleni ya Jumamosi katika kila eneo, kisha azibebe hadi Jumamosi nyingine.

Google ilikuwa na vituo vingi vya data kuliko karibu kila mtu, na bado ilishindwa. Ilizindua Stadia Novemba 19, 2019 katika nchi 14, hakuna hata moja ya Afrika. Iliwalipa watengenezaji wa gemu kubwa ili wazilete kwake. Shirika la habari la Bloomberg liliripoti kuwa baadhi walilipwa makumi ya mamilioni ya dola kwa gemu moja. Februari 2021 ilifunga studio zake yenyewe. Septemba 2022 ikatangaza mwisho, Januari 18, 2023 ikazima, na ikawarudishia wateja pesa za vifaa na gemu walizonunua. Kwa hilo la kurudisha pesa nawapa heshima yao.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Ufaransa. Kampuni ya Blade ilikuwa ikiuza huduma ya Shadow, kompyuta kamili ya wingu, kwa kama euro 13 kwa mwezi. Mapema 2021 ikaingia kwenye ufilisi, ikachukuliwa na Octave Klaba, mwanzilishi wa kampuni ya seva ya OVH. Bei mpya ikawa euro 29.99. Tofauti kati ya 13 na 30 ni kipimo kizuri cha ruzuku ambayo wawekezaji walikuwa wakiilipa kwa niaba ya wachezaji.

Bei za leo, ukizigawa kwa saa

Nvidia ndiyo inayorahisisha mahesabu, kwa sababu imeweka kikomo. Daraja lake la Performance ni dola 9.99 kwa mwezi na la Ultimate ni 19.99, yote mawili kwa saa 100, ambazo ni saa 3 na dakika 20 kila siku. Gawa: saa moja ya Ultimate ni senti 20 za dola, ya Performance senti 10. Ukimaliza saa zako unaongezewa 15 kwa dola 5.99 au 2.99, yaani senti 40 au 20. Saa ya nyongeza ni ghali mara mbili ya saa ya kawaida, na naiona hiyo kuwa bei ya kweli zaidi. Saa 100 za kwanza ni rahisi kwa sababu wengi hawazimalizi. Nvidia yenyewe ilisema asilimia 94 ya wanachama hawaguswi na kikomo hicho. Wasiocheza sana wanawalipia wanaocheza sana, kama ilivyo kwenye bima.

Linganisha na kununua. Kadi ya michoro ya RTX 5080 ya Nvidia ilitoka Januari 2025 kwa dola 999, kadi tupu, bila kompyuta ya kuichomekea. Pesa hiyo inalipa miezi 50 ya Ultimate. Kwa upande wa mashine, basi, kukodi ni rahisi kweli, na sitaki mtu aseme sikusema. Ila gemu zenyewe hazimo: kwa GeForce Now unaleta gemu ulizonunua kwenye duka la mtandaoni la Steam au kwingineko, na mwenye gemu akikataa isiwekwe, huna la kufanya. Februari 2020, wiki moja hivi baada ya huduma kutoka majaribioni, Activision Blizzard iliondoa gemu zake zote.

Microsoft ilichagua njia nyingine: mashine na gemu katika kapu moja. Ilianza Septemba 15, 2020 katika nchi 22 kwa dola 14.99 kwa mwezi, na safari hii pia Afrika haikuwamo. Bei hiyo ikawa 16.99 mwaka 2023, 19.99 mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikaruka hadi 29.99, ingawa madaraja ya bei ya chini nayo yakafunguliwa wingu, la kwanza likiwa dola 9.99. Mwaka 2020 konsoli ndogo ya Xbox Series S ilikuwa dola 299, sawa na miezi 20 ya usajili huo wa Microsoft. Mwishoni mwa 2025 konsoli hiyo, pamoja na kupandishwa bei hadi 399.99, ilikuwa sawa na miezi 13 tu. Kufikia hapo konsoli ilikuwa imepanda kwa theluthi moja, kodi maradufu. Kapu lina gemu nyingi, hilo nalikubali, lakini mwelekeo unaonekana bila miwani.

Ukubwa wa soko hili umewahi kukuzwa hadi kutikisa dili la karibu dola bilioni 69. Aprili 2023 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, iliizuia Microsoft kuinunua Activision Blizzard, na sababu kuu ilikuwa gemu za wingu: ilikadiria Microsoft inashika asilimia 60 hadi 70 ya soko hilo duniani. Dili lilipita Oktoba 2023 baada ya haki za kutiririsha gemu za Activision kupewa kampuni nyingine ya gemu, Ubisoft.

Sony huuza wingu ndani ya PlayStation Plus Premium. Afrika Kusini haipati daraja hilo; inapewa jingine liitwalo Deluxe, lisilo na kutiririsha. GeForce Now ndiyo iliyoingia nchini humo, kupitia kampuni ya simu ya Rain, kama ilivyoingia Saudi Arabia kupitia Zain. Luna ya Amazon ilifunguliwa kwa Wamarekani wote Machi 2022 na haijawa tishio kwa mtu.

Sasa rudi kibandani na daftari. Senti 20 ni kama shilingi 500 za Tanzania kwa saa. Tuseme kibanda kinatoza shilingi 500 kwa mechi ya dakika 10: mashine iliyojaa inaingiza 3,000 kwa saa, mara sita ya Nvidia, tena ni PS4 iliyochoka mbele ya kadi ya kisasa kabisa. Na wateja bado wanapanga foleni, kwa sababu bando linalotumika pale ni sifuri na waya kutoka kwenye pedi hadi kwenye mashine ni mita mbili. Kwetu mashine haikuwahi kuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo ni kilicho kati ya mashine na mchezaji, na hicho ndicho ambacho kampuni za wingu hazikilipii.

Nairobi mambo ni afadhali, si mazuri. Mwaka 2024 Safaricom ilitangaza faiba ya nyumbani ya megabiti 15 kwa shilingi 2,999 za Kenya, 30 kwa 4,100 na 80 kwa 6,299. Ile ya 15 inatosha 720p kwa Nvidia, mradi hakuna mwingine nyumbani anayetazama filamu. Ya 30 inatosha 1080p. Ukiongeza Ultimate ya dola 19.99, kama shilingi 2,580, mwezi unafika 6,680. Kama faiba tayari mnalipa kwa kazi na shule, gharama mpya ni hiyo 2,580 peke yake, na hapo mtu anaweza kufikiria. Lakini saa mbili kila usiku ni gigabaiti 675 kwa mwezi, kwa hiyo soma masharti ya matumizi ya haki kabla hujaanza kulaumu kasi kushuka. Na Starlink, intaneti ya setilaiti? Kifurushi chake cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300, kilichowavutia Wakenya wengi 2024, kinaisha ndani ya saa nne na nusu. Kituo chake cha kuunganishia kilichofunguliwa Nairobi Januari 2025 kilipunguza uchelewaji sana, ila seva za gemu hazikuhamia Nairobi kwa sababu hiyo.

Kadi za Nvidia zinakuja Afrika, ndiyo. Machi 2025 kampuni ya Cassava Technologies ilitangaza mitambo yenye kadi hizo, kuanzia Afrika Kusini na baadaye Kenya na kwingineko. Zimeagizwa kwa kazi za akili unde. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, Nvidia iliingiza dola bilioni 115 kwenye vituo vya data na kama bilioni 11 kwenye gemu. Kwa mwenye kadi, mchezaji ni mteja wa mwisho kwenye foleni.

Kama unataka kujaribu hata hivyo

Anza na daraja la bure la GeForce Now, lenye kikomo cha saa moja kwa kila kipindi na foleni ya kusubiri. Usitoe kadi ya benki kwanza. Kama nchi yako haimo na unataka kupita kwa VPN, jua kwamba umejiongezea umbali mwingine juu ya ule uliopo. Jaribu saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Huduma inayong'ara saa tano asubuhi haijakuthibitishia lolote. Tumia waya kama unaweza, si Wi-Fi ya chumba cha tatu. Kabla ya kuanza, fungua kipimo cha data kwenye simu au ruta uandike namba iliyopo, na uiandike tena baada ya nusu saa. Zidisha mara mbili, kisha zidisha kwa bei ya gigabaiti unayoijua wewe. Hiyo ndiyo bei ya huduma. Ile ya dola kwenye tangazo ni nyongeza tu.

Shusha picha hadi 720p bila aibu: kwenye skrini ya simu huoni tofauti kubwa, na matumizi yanashuka kwa karibu nusu au zaidi. Chagua gemu zinazovumilia uchelewaji, za mkakati, za hadithi, za karata. Soka na mapigano waachie wenye mashine karibu. Ndugu zetu walioko London au Minneapolis wana hesabu tofauti kabisa, kwa kuwa seva ziko mji jirani na faiba nyingi hazina kikomo. Ila hata Marekani, kampuni ya intaneti ya Comcast kwa miaka kadhaa iliweka kikomo cha gigabaiti 1,200 kwa mwezi kwa wateja wake wengi, na kwa 4K hizo ni saa 60.

Hukumu yangu kwa bei hizi: mwenye bando la simu, Dar au Mombasa au Bujumbura, asilipe hata senti. PS4 iliyotumika ni uwekezaji bora, na kibanda ni bora zaidi. Mwenye faiba Nairobi ajaribu mwezi mmoja wa Performance kwa dola 9.99, na asilipie mwaka. Aliye Ulaya au Marekani Kaskazini mwenye faiba isiyo na kikomo na asiyecheza zaidi ya saa 100 kwa mwezi, huyo anunue Ultimate aachane na kadi ya dola 999.